Msiitumbue Redio ya Babu



Mwezi Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka upande wa pili wa mpaka, ardhi ya Gisenyi ilitetemeka kwa siku kadhaa na kuta za nyumba nyingi zikapasuka. Watu walitoa vyombo nje. Katika ua wa jirani yangu mmoja, kati ya magodoro na masufuria, niliona kasha la mbao lenye kioo kilichoandikwa London, Paris, Hilversum, Luxembourg. Ilikuwa redio ya valvu, aliyoirithi kwa babu yake. Wiki chache baadaye akaja mnunuzi. Huyo hakuitaka redio, alilitaka kasha. Alieleza bila haya kwamba atang'oa vyote vya ndani, atie spika ya Bluetooth, kisha aliuze kasha kama pambo kwa wenye nyumba za wageni kando ya Ziwa Kivu.

Biashara hiyo ndiyo ninayoipinga leo, nami nakuomba uipinge pamoja nami.

Tuanze na lugha, kwa sababu kosa hili huanzia kwenye maneno. Kiswahili kina njia zaidi ya moja ya kusema kwamba kitu kina umri. Kitu kikuukuu kimechakaa: nguo kuukuu mwisho wake ni tambara la kupigia deki. Kitu kikongwe kimeishi miaka mingi na hadhi yake ingalipo. Kitu cha kale ni cha zama zilizopita, nacho chaweza kuwa kizima kabisa. Mnunuzi alisema "redio kuukuu". Jirani yangu alilikubali neno hilo, kisha akaikubali bei iliyofuatana nalo. Je, redio ile ilikuwa kuukuu kweli?

Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna sehemu inayopashwa moto hadi itoe elektroni, na elektroni hizo huvutwa na bamba lenye chaji chanya. Katikati pana wavu mwembamba wa waya. Badiliko dogo la volti kwenye wavu huleta badiliko kubwa la mkondo, na hivyo ishara dhaifu iliyotoka angani hukuzwa mpaka iweze kuitikisa spika. John Ambrose Fleming alibuni valvu ya kwanza mwaka 1904, Lee de Forest akaongeza wavu mwaka 1906, na transista haikupatikana hadi Desemba 1947. Kwa Kifaransa valvu huitwa lampe, yaani taa, na kweli ukiitazama gizani utaona inawaka.

Sasa sikiliza jambo ambalo mnunuzi hakulisema. Katika redio iliyonyamaza, mara nyingi valvu si mbovu. Vinavyokufa kwanza ni kapasita. Zile kubwa za kuchuja umeme hukauka. Zile za karatasi na nta huanza kuvuja umeme usiopaswa kupita. Ipo moja ndogo inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho, kwa mfano EL84. Hiyo ikivuja, valvu hulazimika kupitisha mkondo kupita kiasi, ikajiunguza na kuiunguza transfoma ya spika pamoja nayo. Kapasita mpya ni kitu cha bei ndogo. Transfoma ya redio kama ile hutaipata dukani. Wahenga walituasa: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo ukiikuta redio ya namna hii kwenu, usiichomeke kwenye umeme ili uone kama inafanya kazi. Udadisi wa dakika moja unaweza kuua kilichostahimili vumbi la miaka 60. Fundi makini huanza na brashi na macho yake. Hutazama kichaguzi cha volti kilicho nyuma, kwa kuwa redio nyingi za wakati ule zilikuwa na nafasi za 110, 127 na 220, ilhali umeme wetu leo ni wa volti 230. Hubadilisha kapasita zilizochoka. Ndipo huipa redio umeme, tena kwa kuupitisha kwanza katika taa ya zamani ya waya, ya wati 60 hivi. Taa hiyo iking'aa kwa nguvu bila kufifia, ndani mna shoti, naye huchomoa mara moja.

Wala usifungue kasha peke yako. Ndani mna volti zipatazo 250 za mkondo mnyoofu, na kapasita huweza kuuhifadhi umeme hata plagi ikishachomolewa. Baadhi ya redio hizo hazina transfoma ya kuzitenga na umeme wa ukutani, hivyo fremu yake ya chuma yenyewe yaweza kuwa na umeme unaoua. Tafuta fundi anayejua, ukae pembeni yake, ujifunze.

Wapinzani wangu wana hoja tatu, nami sitazikwepa.

Hoja ya kwanza: utasikiliza nini? Ni kweli kwamba mawimbi ya kati na mawimbi mafupi yamepungukiwa na sauti. Mitambo ya Deutsche Welle iliyokuwa Kigali ilianza kurusha matangazo mwaka 1965 na ikafungwa mwaka 2015. Hata hivyo, usiku, ukitundika nje waya wa mita kadhaa, mawimbi mafupi bado yanasema. Tena kumbuka Kiswahili kilikopitia. Dar es Salaam ilianza utangazaji mwaka 1951, Idhaa ya Kiswahili ya BBC mwaka 1957, na ya Deutsche Welle mwaka 1963. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kuingia katika nyumba zisizokuwa na kitabu hata kimoja cha lugha hiyo. Iliingia kwa redio kama ile.

Hoja ya pili: hivyo ni vyombo vya wakoloni na matajiri, vina faida gani kwetu? Wengi walikuwa wao, sikatai. Lakini mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, kampuni ya Ever Ready ilitoa redio ya betri kwa ajili ya wasikilizaji Waafrika, kwa juhudi za Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya huko. Iliitwa Saucepan Special, kwa kuwa umbo lake la aluminiamu lilifanana na sufuria, na bei yake ilikuwa pauni 5. Ndani yake mlikuwa na valvu. Mtu wa kijijini asiye na umeme alizitumia kuusikia ulimwengu. Historia hiyo ni yetu pia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami huijibu kwa unyenyekevu. Redio ya RTLM ilianza kutangaza Julai 1993, na sauti yake ikachochea mauaji ya kimbari yaliyofanyiwa Watutsi mwaka 1994. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wawili kati yao wakiwa waasisi wa redio hiyo. Mnyarwanda akiniambia kwamba hataki kuiona redio ya zamani nyumbani mwake, sitamhoji. Ana haki yake na ana machozi yake.

Lakini mnunuzi wa kasha hakuja na hoja hiyo. Yeye anautaka uso wa zamani usiokumbuka chochote. Anataka mgeni aone mbao zinazong'aa, asiulize ni sauti gani zilizopita humo, za kweli au za sumu. Nchi hii imejenga kumbukumbu zake kwa kukataa namna hiyo ya kusahau. Tunakwenda kwenye makumbusho na maeneo ya kumbukumbu ili tusikie yaliyotokea, hata yanapoumiza. Vipi basi tuwafundishe vijana kwamba kilicho cha kale ni pambo tu?

Isitoshe, redio yenye kitufe cha kuzungushwa inafundisha jambo ambalo raia hawezi kuishi bila kulijua. Kwenye kioo kile mkono wako ndio unaotafuta. Unapita sauti ya nchi moja, unaikuta ya pili inayoipinga, unafika ya tatu, halafu unapima. Sisemi kwamba mwenye redio nzuri aliepuka kudanganywa, historia hainiruhusu. Nasema kwamba chuki hustawi pale masikio yanapozoea sauti moja, na kwamba simu iliyo mfukoni mwako leo inakuchagulia cha kusikia kabla hujainua kidole. Zoezi la kutafuta na kulinganisha linahitaji kufanywa kwa mkono, na chombo cha kulifanyia zoezi hilo kilikuwa uani kwa jirani yangu.

Nilichelewa. Jirani aliuza. Kasha lile leo linapiga nyimbo za simu ya mtu fulani kando ya ziwa, na kioo chake bado kinasema London. Mimi niliomba vilivyotupwa. Ninazo mezani valvu tano zilizofungwa katika gazeti: ECH81, EF89, EBC81, EL84 na EZ80. Fundi mmoja mzee alizipima mbele yangu. Zote tano ni nzima.

Kwa hiyo nakupa kazi tatu. Waulize wazee wa kwenu kama ipo redio ya valvu, na uandike kwa Kiswahili ilinunuliwa wapi, nani aliisikiliza na alisikia nini. Waombe wasiiuze kasha tupu. Nawe unayesoma shule ya ufundi, mwombe mwalimu wako meza moja ya kujifunzia ukarabati wa vyombo hivi, wakati mafundi wazee wangali hai. Iliyooza kabisa na ipelekwe Bugesera, kwenye kiwanda cha taka za kielektroniki, hilo silipingi. Lakini iliyo nzima isitumbuliwe kama samaki.

Na siku mnunuzi akija kwenu na neno lake "kuukuu", mkumbushe kwamba Kiswahili kina maneno mengine.