Mpira Mdogo Hulinda Lori Zima

Wako watu wengi wanaotamani kufufua malori ya zamani, ama kwa sababu yalikuwa mali ya baba zao, ama kwa sababu chuma chake bado ni kizima. Tuchukue mfano wa Bedford aina ya TJ, ambalo lilianza kuuzwa mwaka 1958. Malori hayo yalitengenezwa Dunstable, Uingereza, na kampuni ya Vauxhall. Mwaka 1987 General Motors, iliyokuwa ikimiliki kazi hiyo, iliuza kiwanda, na walionunua wakafilisika mwaka 1992. Basi mwenye lori la namna hii asitazamie kwamba kila kipande atakikuta dukani.

Chuma kilichopindika hunyoshwa, na kilichotoboka hutiwa kiraka. Lakini mpira ukishakauka na kupasuka, haurudi kuwa mpira tena. Jua, joto na hewa huula mpira hata kama lori limesimama tu chini ya mti. Hapo ndipo fundi hulazimika kutengeneza mpira mwingine kwa mfano wa ule wa kale.

Tuanze na mpira wa kioo cha mbele. Usiutupe ule wa zamani. Tafuta mahali palipoharibika kidogo kuliko pengine, kwa kawaida pembeni ambapo jua halikupiga sana, ukate kipande kwa wembe mkali. Paka wino kwenye uso uliokatwa, kisha upige muhuri juu ya karatasi. Utaona umbo lake lote pamoja na mifereji yake. Walakini, mpira mkuukuu huwa umesinyaa, kwa hiyo usiuamini peke yake. Pima pia unene wa kioo na unene wa bati linaloshika mpira, kwa maana mifereji miwili ya mpira mpya lazima ilingane na hivyo viwili. Kwa vipimo hivyo waweza kutafuta mpira wa kuuzwa kwa mita wenye umbo lililo karibu, au kuagiza kwa watengenezaji. Ukate mrefu kidogo kuliko unavyohitajika, ili ubanane wenyewe mahali pa kuungia. Wakati wa kutia kioo, tumia maji ya sabuni, wala usitumie grisi.

Kwa nini si grisi? Hili ndilo jambo kubwa ninalotaka msomaji alishike: mipira yote hufanana kwa macho, lakini tabia zake ni mbalimbali. Mpira wa asili, utokao katika utomvu wa mti, ulipata nguvu baada ya Charles Goodyear wa Marekani kugundua mwaka 1839 kwamba ukipikwa pamoja na salfa hauyeyuki kwa joto. Hata hivyo huvimba na kulegea ukikutana na mafuta ya injini au petroli. Mpira uitwao naitrili huvumilia mafuta ya injini, lakini huharibika katika mafuta ya breki ya kawaida. Na ule wa EPDM huvumilia jua, mvua na mafuta ya breki, bali mafuta ya injini huushinda. Kwa hiyo EPDM yafaa madirishani, na naitrili yafaa penye mafuta ya injini na giaboksi. Mwenye kubadilisha nafasi zake atakuwa amefanya kazi bure.

Katika breki, kosa hilo si hasara ya fedha tu. Vikombe vidogo vya mpira vilivyo ndani ya silinda ndivyo vinavyosukuma breki. Vikivimba, breki hukwama. Vikilegea, mafuta huvuja, na lori lenye shehena huteremka mlima bila kizuizi. Kwa sababu hiyo nashauri kwamba kikombe cha breki kisichongwe nyumbani kamwe, hata fundi akiwa hodari namna gani. Pima tundu la silinda, ununue kikombe cha kipimo hicho kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Malori ya Uingereza ya wakati ule yalipimwa kwa inchi; inchi 1 ni milimita 25.4, basi kikombe cha milimita 25 si badala yake. Tena itazame silinda yenyewe: ikiwa ina kutu au mikwaruzo, itakikata kikombe kipya upesi.

Ukitilia shaka mpira wowote, pima unene wake, uuweke siku kadhaa katika chupa yenye mafuta utakayoutumia nayo, kisha upime tena. Ukiwa umevimba au umekuwa laini, uukatae. Lakini jaribio hilo ni la kukataa tu. Halitoshi kukubali kikombe cha breki kisichojulikana.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye lori la kale na aongeze kwamba hata cha kuzibia ufa chataka kuchaguliwa.