Kampene: Mimba haingoji tumbo lionekane

Mtoto akizaliwa na kilema cha mgongo, huko Kampene kama sehemu nyingine za Maniema, wa kwanza kulaumiwa ni mama. Watasema amerogwa, au amewakosea wakwe. Lawama hiyo haina msingi, tena inaficha jambo ambalo jamaa na serikali wangeweza kulifanya.

Mwaka 2024, Wamarekani Victor Ambros na Gary Ruvkun walipata tuzo ya Nobel ya tiba. Kwa kuchunguza mnyoo wa milimita moja, mwaka 1993 walionyesha kazi ya molekuli fupi sana za RNA, zinazoitwa leo mikro-RNA. Zinashika ujumbe unaotoka kwenye jeni na kuuzima wakati wake ukifika. Mnyoo unaokosa molekuli hiyo hurudia hatua za utoto, na viungo vingine havitokei kabisa. Binadamu naye ana jeni zaidi ya elfu moja za mikro-RNA.

Maana yake ni kwamba mimba ina saa yake. Kwa binadamu, mrija unaozaa ubongo na uti wa mgongo hufungwa karibu siku ya 28. Siku hiyo, mama wengi hawajajua hata kama wana mimba.

Hakuna kidonge cha kurekebisha mikro-RNA. Lakini asidi foliki ipo: miligramu 0.4 kila siku, kuanzia kabla ya mimba, hupunguza hatari ya mrija huo kukosa kufungwa. Haiondoi vilema vyote, ila ni dawa ya bei ndogo. Mama akiipata mwezi wa tano itamsaidia damu, lakini kwa mrija imechelewa.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri CPN ya kwanza ifanyike kabla ya wiki 12. Ni vizuri, lakini hata hapo siku ya 28 inaweza kuwa imepita. Kwa hiyo vidonge visingoje CPN. Viongozi wa afya wa Maniema wavifikishe kwa kila mwanamke anayetazamia kuzaa, vituoni, hata kwenye vijiji vya machimbo. Na bwana anayetoka chimboni na pesa ya dhahabu anunue vidonge hivyo mapema, badala ya kutafuta mchawi baadaye.