"Bodi Imekufa" Si Jibu. Umeipima na Nini?

Kuna maneno mawili yakisemwa mbele yangu siku hizi, damu inachemka: "Bodi imekufa."

Niwape picha. Mwezi wa pili, Mombasa, ile joto ya kulala chini kwa sakafu. Nyanya yangu ana presha, na chumbani kwake tuliweka AC ya ukutani, mashine moja ndani, nyingine nje. Si ya kujishaua, bila hiyo halali. Usiku mmoja ikaanza vituko. Inawaka, inapuliza dakika moja hivi, inazima. Halafu kataa kadogo pale mbele kanawaka na kuzima, kanawaka na kuzima.

Tukaita fundi. Akabonyeza rimoti mara mbili, akatazama juu, akatikisa kichwa kama daktari wa sinema. "Bibi, bodi imekufa. Ni 16,000."

Hakufungua kifuniko. Hakutoa mita. Nyanya akatoa pesa ya chama. Bodi mpya ikafungwa, mashine ikapuliza dakika moja, ikazima. Taa ni ileile. Fundi akasema basi ni bodi ya nje, 25,000 ingine. Na ile bodi ya kwanza iko wapi? Alishaenda nayo.

Fundi wa pili alikuwa dada mmoja mdogo, ametoka poli juzi tu. Kitu ya kwanza alikaa chini akahesabu zile taa. Kisha akasema, "Nyanya, kitabu cha mashine kiko wapi?" Kilikuwa kabatini chini ya sahani za Idi. Kitabu kikasema wazi: mashine ya ndani na ya nje hazisikizani. Akazima stima kwa swichi kuu, akafuata waya mpaka nje, akakuta mahali ulipoungwa na kufungwa tepu. Akaifungua. Shaba ilikuwa kijani, imeliwa na chumvi ya bahari. Akavuta waya mzima mpya usio na kiungo, na AC inafanya mpaka leo.

Sasa fikiria hii. Bodi iliyokufa kabisa haiwezi kukuhesabia taa. Ile bodi tuliyoizika ilikuwa hai, inapiga kelele kutuambia ugonjwa uko wapi. Hakuna aliyeisikiza.

Kubahatisha ni kubahatisha, hata ukivaa ovaroli.

Kupima si uchawi. Unahesabu taa na kusoma kitabu cha mashine hiyo, kwa sababu kila kampuni ina hesabu yake. Unaangalia kama stima ya volti 240 inafika kweli pale nyaya zinapofungwa. Kama mashine haiwaki hata kidogo, unacheki fyuzi ya kwenye bodi, na varista iliyo karibu nayo, ile kama peremende bapa inayojitoa mhanga stima ikirudi na nguvu. Ikiwa imepasuka au ina weusi, umepata mshukiwa wa bei ya chai na mandazi. Unachomoa sensa za joto na kuzipima: nyingi husoma omu 5,000 au 10,000 kwenye nyuzi 25, na namba inashuka ukiishika na joto la mkono. Unafuata waya wa nje. Unaangalia kama bodi inatoa volti zake ndogo, mara nyingi 12 na 5. Yote haya yakiwa sawa na bado mashine imegoma, hapo sasa niambie ni bodi, na nitakuamini.

Na sijasema wewe ufungue. AC za inverta zina kapasita nje zinazobaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuzima. Hiyo haina mchezo, inaua. Kazi ya fundi ni ya fundi. Kazi yako ni kuuliza maswali.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini bodi hufa kweli." Ndiyo, hufa. Stima inapotea na kurudi, chumvi inaingia, mjusi anatambaa mahali hakualikwa, kwisha. Sikatai. Ninachokataa ni kumtangaza mtu maiti bila kumshika mshipa.

Sasa tuongee ukweli wenye utauma. Sisi pia tuna makosa. Fundi akisema, "Kupima ni 1,500," tunapiga kelele: "Ati kuangalia tu unalipisha?" Lakini akisema bodi ni 16,000, tunalipa kimya, kwa sababu tunaona kitu mkononi. Tunamfundisha fundi kwamba akili yake haina bei, ila kipuri kina bei. Basi anaficha mshahara wake ndani ya kipuri. Yule dada alimaliza saa nzima akipima kabla ya kugusa kitu, na jirani mmoja akamwuliza kama anajua kazi kweli ama anapoteza wakati. Aki, aibu ilikuwa yetu.

Kwa hivyo mimi nimeweka sheria nyumbani. Moja, tunalipia kupima, hata kama jibu litakuwa waya wa mia tano. Mbili, fundi atuonyeshe namba kwenye mita na atuambie ilipaswa kuwa ngapi. Tatu, kipuri cha zamani kinabaki kwetu. Ni mali yetu, na kama kilikuwa kizima, tutajua.

Ukiona fundi amekasirika kwa hizo tatu, mpe maji ya kunywa na umfungulie mlango.

Nyanya sai akisikia mtu anasema kitu kimekufa, hata iwe simu ya jirani, anauliza swali moja tu: "Umekipima?"