Barabara Ndogo za Bourgogne



Ufaransa na baiskeli vikitajwa pamoja, wengi wetu huwaza Tour de France, mashindano yaliyoanza mwaka 1903: vijana wameinama juu ya usukani, magari yanawafuata, na umati unapiga kelele kando ya barabara. Mwezi huu tunapenda kuwaonyesha Ufaransa nyingine. Hii ni ya mama aliyempakia mtoto kwenye kiti cha nyuma, baba aliyebeba chakula cha mchana, na bibi anayekanyaga pedali polepole na kusimama anapochoka.

Tunajua kwamba wanawake wengi walioendesha baiskeli usichanani waliiacha walipopata watoto. Si uvivu. Ni hofu ya magari, na hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kuhusu mandhari, mama huuliza: “Mtoto akiyumba kidogo, itakuwaje?” Kwa sababu ya swali hilo tumechagua Bourgogne ya kusini, upande wa mashariki wa Ufaransa, kati ya miji ya Chalon-sur-Saône na Mâcon.

Zamani hapo palikuwa na reli. Treni zilikoma, na mwaka 1997 njia ile ikafunguliwa upya kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli, kutoka Givry hadi Cluny, kilometa 44. Wafaransa huiita voie verte, maana yake njia ya kijani, na hii huhesabiwa kuwa ya kwanza nchini mwao. Magari na pikipiki hayaruhusiwi. Tena, kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, waliojenga reli ile walitafuta miinuko ya taratibu. Leo faida yake anaipata mtoto wa miaka minane na baiskeli yake ndogo.

Njia inapita kwenye mashamba ya mizabibu ya Givry na Buxy, kisha Saint-Gengoux-le-National, kisha Cormatin penye kasri la karne ya 17. Kandokando ni malisho ya ng'ombe weupe wa Charolais. Familia yenye watoto isijaribu kumaliza kilometa zote 44 kwa siku moja. Kilometa 15 au 20, mkapumzika kwa chakula, zinatosha.

Kilometa 10 hivi kabla ya Cluny, juu ya kilima, kuna kijiji cha Taizé. Mwaka 1940, wakati wa vita, kijana wa Uswisi aliyeitwa Roger Schutz alifika hapo kwa baiskeli akitafuta mahali pa kuishi na kusali. Inasimuliwa kwamba mama mmoja mzee alimsihi abaki, kwa kuwa wanakijiji walikuwa wapweke. Akabaki, akawaficha wakimbizi, wakiwemo Wayahudi, na baadaye akaanzisha jumuiya ya ndugu inayopokea vijana kutoka pande zote za dunia. Wapo wasomaji wetu wanaoijua jumuiya hiyo kwa mkutano wake wa vijana uliofanyika Nairobi mwaka 2008.

Mkifika Cluny, mtaona mabaki ya abasia iliyoanzishwa mwaka 910. Kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko makanisa yote ya Ulaya mpaka lile la Mtakatifu Petro lilipojengwa upya Roma. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa lilibomolewa na mawe yake yakauzwa. Kutoka hapo, njia inayoelekea Mâcon hupenya handaki la reli la Bois Clair, lenye urefu wa kilometa moja na nusu na zaidi. Wakati wa baridi hufungwa ili popo walale bila kusumbuliwa. Chukueni sweta hata kiangazi, maana ndani ni baridi.

Wenye uzoefu zaidi wanaweza kuiacha njia ya kijani na kufuata barabara ndogo za vijijini. Kwenye ramani zina herufi D, na nguzo zake za kilometa zina kichwa cha rangi ya njano. Tafuteni zile nyembamba kabisa, zinazounganisha kijiji na kijiji, wala si zile zinazounganisha mji na mji. Hapo magari hupita mojamoja. Sheria humtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli aache nafasi ya mita moja na nusu nje ya miji, na mita moja ndani ya miji.

Haya myakumbuke kabla ya kuondoka:

Kule watu huendesha upande wa kulia. Wasomaji wa Kenya, Tanzania na Uganda, zingatieni hasa asubuhi mnapoanza safari na kila mnapokata kona.

Tangu mwaka 2017, mtoto wa chini ya miaka 12 lazima avae kofia ngumu, awe anaendesha au amepakiwa. Nje ya miji, usiku au kukiwa na ukungu, mwendeshaji lazima avae kizibao kinachong'aa.

Bebeni pampu, tyubu ya akiba na maji. Bomba lenye kibao “eau potable” lina maji ya kunywa. Likiandikwa “eau non potable”, msinywe.

Nunueni mkate mapema. Maduka ya vijijini mengi hufungwa mchana, na mengine hayafunguliwi kabisa Jumatatu. Nyumba za wageni zenye alama ya Accueil Vélo huwa karibu na njia na zina mahali salama pa kulaza baiskeli.

Lipo jambo moja la mwisho. Utulivu wa barabara hizi una historia yake. Vijana wengi wa vijijini walihamia mijini, reli ndogo zikafungwa, na katika vijiji vingi duka la mwisho limefunga mlango. Kimya ambacho mgeni anakifurahia, kwa mzee aliyebaki chaweza kuwa upweke, kama ule wa mama yule wa Taizé.

Mwenye gari hupita tu. Mwenye baiskeli anaweza kusimama. Basi simameni. Mkiingia dukani, salimuni kwanza, “Bonjour”, kabla ya kuomba chochote; kwa Wafaransa, kama kwetu, kuanza na shida kabla ya salamu ni utovu wa adabu. Nunueni mkate hapo hapo kijijini hata kama mjini ni rahisi zaidi. Bibi akiwa ameketi mlangoni, mwacheni mtoto ampungie mkono. Hamtapoteza zaidi ya dakika tano, na huenda kwa bibi huyo mkawa ndio wageni pekee wa siku hiyo.

Tunawatakia safari njema. Tukutane tena mwezi ujao.