Mashine ya Kutetemeka Si ya Kila Nyumba
Kuna mashine ya umeme ya mkono ambayo fundi kijana wa Umoja au Donholm, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, akiiona ikifanya kazi huitamani papo hapo: wembe wake hauzunguki, hutetemeka kushoto na kulia, nyuzi chache tu, hadi mara 20,000 kwa dakika. Msumeno wa hospitali wa kukatia plasta ya mfupa uliovunjika hufanya vivyo hivyo. Sifa za mashine hii ni za kweli. Hukata mguu wa fremu ya mlango ili kigae kipite chini yake, na hutoboa nafasi ya soketi katika kabati la jikoni ambalo limeshafungwa ukutani. Lakini sifa hizo zimevuma sana kutoka Marekani, ambako kuta nyingi ni za mbao na bodi za jipsamu. Kuta za Eastlands ni za mawe na saruji, na milango mingi ni ya chuma. Hapo kazi ni ya grainda, nyundo na patasi. Tena wembe wa kukatia mbao ukigonga msumari uliofichika, meno huisha mara moja. Kwa hiyo nasema wazi: mwenye nyumba anayetaka kurekebisha mlango mmoja, amwite fundi. Fundi anayeishi kwa makabati na dari za jipsamu, ainunue, ila kwanza aulize katika soko la Gikomba na maduka ya Kirinyaga Road kama nyembe zake zinapatikana, na kwa bei gani. Pesa ya kijana wa jua kali hupatikana kwa jasho. Isilale kabatini ndani ya mashine isiyo na wembe.