Maoni: Mmeisahau Lodoss

Orodha yenu ya anime ni nzuri, ila kwa sisi wapenzi wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, kuiacha Record of Lodoss War si haki. Hiyo ndiyo iliyozaliwa mezani hasa! Mwaka 1986 jarida la Comptiq la Japani lilianza kuchapisha masimulizi ya kundi lililokuwa likicheza Dungeons & Dragons, Ryo Mizuno akiwa msimulizi. Vikaja vitabu, kisha anime ya vipande 13 kuanzia mwaka 1990. Yule binti wa hadithi hiyo, Deedlit, mezani alichezwa na mwanamume, mwandishi Hiroshi Yamamoto.

Anime ya pili ya kuongeza ni Delicious in Dungeon (2024), na hii nawasihi vijana wa Tarime na Mugumu waitafute. Dada wa mhusika mkuu, Laios, amemezwa na joka, hela za chakula hakuna, kwa hiyo Laios na wenzake wanashuka shimoni wakila walichokiua. Kipande cha kwanza tu wanapika nge mkubwa na uyoga unaotembea, sufuria moja! Chilchuck kazi yake ni kutegua mitego, Marcille uchawi, Senshi mapishi. Aliyewahi kukaa Nyamongo kwenye machimbo ya dhahabu ataelewa upesi: kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, kila mtu ana kazi yake, na mmoja akizembea wote wamo hatarini.

Ila anime ya Goblin Slayer msiwawekee watoto, ina ukatili mwingi mno.

Na mkitaka kucheza mchezo wa mezani wenyewe, dadu za ludo mbili, daftari na msimulizi mwenye maneno vinatosha kabisa kuanzia.