Kuchoka na mtu si kumchoka

Zoezi la kutunga sentensi kwa kutumia nahau ni kongwe katika shule zetu. Mwalimu huandika nahau kumi ubaoni, mwanafunzi akazitungia sentensi, na daftari likarudi na alama za vema. Sina ugomvi na zoezi lenyewe. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyolifundisha na kulisahihisha, kwani nionavyo mimi limekuwa zoezi la kukariri, na lugha zote mbili tunazofundisha, Kiingereza na Kiswahili, zinapata hasara.

Tuchukue nahau moja ya Kiingereza ambayo hapana mwanafunzi wa sekondari asiyeijua: "fed up". Hutumika mtu anapochoshwa na jambo hata uvumilivu ukamwishia. Akiambiwa aitungie sentensi, mwanafunzi aghalabu huandika, "I am fed up," naye hupewa alama yake, kwa kuwa sarufi haina kasoro. Lakini sentensi hiyo inathibitisha nini? Ukiiondoa nahau uweke neno la njaa, la furaha au la usingizi, itasimama vilevile. Mtahini hana njia ya kujua iwapo mwandishi anaielewa maana. Sentensi inayostahili alama ni ile inayotaja kilichomchosha mtu: basi lililongojwa saa tatu, ahadi iliyovunjwa mara ya nne, au jirani asiyezima redio usiku kucha.

Mwanafunzi akijaribu kutaja chanzo hicho, hukutana na mtego mwingine. Nahau hii hufuatwa na "with", kisha nomino au kitenzi chenye "-ing". Wengi huandika "fed up to wait". Kosa hili halitokani na uzembe. Kiswahili kina umbo moja, "kungoja", linalofanya kazi ambazo Kiingereza kimezigawia maumbo mawili, "to wait" na "waiting". Mwalimu anayelijua jambo hilo atalieleza kwa dakika mbili. Asiyelijua atalipigia mstari mwekundu mwaka mzima pasipo mafanikio.

Hata hivyo, madhara makubwa zaidi yako upande wa Kiswahili. Kila siku tunasikia, "Nimechoka na wewe." Msemaji amefikiri kwa Kiingereza, akaitafutia "with" neno la kuiwakilisha, akalipata "na". Lakini "na" ikifuata kitenzi cha kutendwa humtaja mtenda, kama katika "nimechoshwa na wewe". Ikifuata kitenzi kisicho cha kutendwa, kwa kawaida huleta maana ya pamoja: nimekuja na wewe, nimekula na wewe. Kwa kanuni hiyo, "nimechoka na wewe" ni maneno ya watu wawili waliolima shamba moja tangu alfajiri.

Kiswahili kina njia zake, tena zenye kupambanua mambo. "Nimechoka" ni hali ya mwili au ya roho. "Nimechoshwa nawe" ina maana kuwa matendo yako ndiyo yaliyonifikisha hapa. "Nimekuchoka" ni neno zito zaidi: sikutaki tena. Mke akimwambia mumewe, "Nimechoshwa na ulevi wako," mlango wa mazungumzo ungali wazi. Akimwambia, "Nimekuchoka," wazee na waitwe. Najua kwamba "nimechoka na wewe" imeenea, wala sidai kuwa tutaifuta vinywani mwa watu. Ninalosema ni kwamba mwanafunzi anayeijua hiyo peke yake amepokonywa hizo nyingine.

Isitoshe, tuna kitenzi ambacho walimu wengi wamekisahau, nacho ni "kukinai". Asili yake ni Kiarabu, ambako shina lake lahusu kuridhika. Kiswahili kilihifadhi maana hiyo, kikaongeza nyingine: kukichukia kitu kwa sababu ya kukipata kupita kiasi. Mwanafunzi wa bweni aliyelishwa maharagwe juma zima anajua kukinai ni nini bila kufungua kamusi. Na tazama, "fed up" nayo imetokana na kulisha; neno kwa neno ni "kulishwa hadi juu". Waingereza wakitaka kukoleza husema wamelishwa hadi magego ya nyuma. Watu wa lugha mbili, bila kushauriana, wameiona picha ile ile ya tumbo lililojaa. Mwalimu akiyaweka maneno haya mawili bega kwa bega, mwanafunzi hatasahau lolote kati yake.

Si kila picha inayolingana hivyo. Kuna nahau nyingine ya Kiingereza ya maana hiyo hiyo, "at the end of one's tether". Inatokana na mnyama aliyefungwa kamba malishoni, akaenda hadi kamba ikakaza, asiweze kusonga mbele. Mwanafunzi akiandika katika insha, "Nimefika mwisho wa kamba yangu," msomaji wa Kiswahili tayari ana kamba yake akilini, kwani mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Katika methali yetu kamba ni kipimo cha anachoweza kukipata mtu, na siku hizi hutajwa sana panapozungumzwa ulaji wa mali ya umma. Msomaji atadhani mwandishi amekwisha kula fungu lake lote, kumbe maskini analia! Na lugha haikumnyima la kusema: angeweza kuandika kuwa yamemfika shingoni, au kuwa maji yamezidi unga.

Wapo watakaonijibu kwamba lugha hukua kwa kukopa. Naam, hata "kukinai" ni mkopo, na vijana wetu wameleta "kuboeka" wakaliundia kauli ya Kiswahili kwa ufundi wa kupendeza. Lakini mkopo wa busara huleta kisichokuwapo nyumbani. "Nimechoka na wewe" haikuleta kitu. Imefukia tulichokuwa nacho.

Jambo hili lina uzito nje ya mtihani pia. Shuleni manung'uniko hayakosekani: chakula, maji, adhabu, karo. Mwanafunzi asiyetofautisha "nimechoshwa na hali ya bweni" na "nimemchoka mwalimu wa bweni" huenda akaandika la pili hali akikusudia la kwanza. Ataitwa mtovu wa adabu kabla lalamiko lake halijasikilizwa, na huenda lisisikilizwe kamwe. Kumfunza mtu kulalamika kwa maneno yanayolingana na kero yake ni kumpa silaha ya haki isiyomjeruhi mwenzake.

Basi, walimu wenzangu, tusikubali tena sentensi ya maneno manne. Tumwambie mwanafunzi ataje ni nani aliyechoshwa, amechoshwa na nini, na anamwambia nani. Kisha tumwombe aseme jambo hilo hilo kwa Kiswahili bila kuitafsiri nahau. Nanyi wanafunzi, mwalimu asipowauliza hayo, jiulizeni wenyewe kabla ya kuweka nukta.